Wito wa Mama wa Trikuta

Kaskazini mwa India, ukimwuliza mtu kwa nini hajapanda kwa Vaishno Devi, mungu wa kike ambaye Wahindu humwita Mama, mara nyingi hatakwambia kwamba hana nauli wala kwamba kazi zimembana. Atakwambia Mama hajamwita. Aliyekwisha kwenda naye hajisifu kwamba alijipanga vizuri, anasema aliitwa. Tiketi ya treni ilipatikana siku ya mwisho, mkuu wa kazi alitoa ruhusa bila kubembelezwa, goti lililokuwa likimsumbua bibi lilitulia wiki hiyohiyo: yote hayo kwake ni sauti ya Mama. Asiyeijua imani hii atashindwa kuelewa kwa nini mamilioni ya watu kila mwaka, wakiwa na vikongwe na watoto wachanga, hupanda mlima usiku kwenye baridi ili wasimame kwa sekunde chache mbele ya jiwe lenye vichwa vitatu.

Pango la Vaishno Devi liko katika milima ya Trikuta, wilaya ya Reasi, kwenye eneo la Jammu na Kashmir. Chini yake upo mji wa Katra, kilomita 50 hivi kutoka jiji la Jammu. Kutoka Katra hadi pangoni ni kilomita kama 13 za kupanda, na pango lenyewe liko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha Himalaya huo ni mlima mdogo. Kwa miguu ya mwenye duka wa Delhi anayeshinda kwenye kiti mwaka mzima, ni mlima hasa.

Wanaokwenda hubeba nadhiri. Maharusi huenda kuomba baraka kabla hawajaanza maisha, waliokosa mtoto huenda kuomba mtoto, na waliompata hurudi naye akiwa bado amefunikwa blanketi, kwa sababu waliahidi. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani huenda kushukuru, dereva wa lori huenda na picha ya Mama aliyempanda simba, ileile iliyobandikwa juu ya usukani wake. Filamu nayo ilisaidia kueneza jina. Katika Avtaar ya mwaka 1983, Rajesh Khanna na Shabana Azmi wanaonekana wakipanda njia hiyo kati ya umati unaoimba, na watu wengi wa mbali waliuona mlima kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa sinema. Wapunjabi ni miongoni mwa waumini wake wakubwa, kwa hiyo hata Nairobi na Mombasa, ambako walikuja kwa wingi tangu ujenzi wa reli ulioanza mwaka 1896, jina la Vaishno Devi si geni katika nyumba za Wahindu.

Ili kuifuata njia yenyewe, lazima kwanza mtu aijue hadithi yake, maana kila kituo cha njiani ni kipande cha hadithi hiyo.

Wanasimulia kwamba zamani sana, kusini mwa India, mtu mmoja aitwaye Ratnakar alijaliwa binti baada ya kukaa muda mrefu bila mtoto. Alikuwa ameapa kutopinga lolote ambalo mtoto wake angelitaka. Binti huyo, Vaishnavi, akiwa bado mdogo alitaka kwenda ufukweni kujitenga na dunia na kufanya ibada, na baba akatimiza kiapo chake. Mungu Rama alipopita pwani hiyo akimtafuta mkewe Sita, msichana alimtambua kwamba si mtu wa kawaida, akamwomba amwoe. Rama akamjibu kwamba amekwisha kuahidi kuwa mwaminifu kwa Sita, lakini katika zama za mwisho atarudi kwa umbo jingine, naye atakuwa mwenzi wake. Mpaka wakati huo, aende kaskazini, kwenye mlima wenye vilele vitatu, akae huko awasaidie wanyonge.

Sehemu ya pili ya hadithi inatokea karibu na Katra, katika kijiji cha Hansali. Aliishi hapo maskini mmoja wa tabaka la makuhani, Brahmini aitwaye Sridhar. Siku moja, alipokuwa akiwalisha wasichana wadogo kwa ibada, alitokea msichana ambaye hakuna aliyemjua. Wenzake walipoondoka, yeye alibaki, akamwambia Sridhar aandae karamu kwa watu wote wa vijiji vya jirani. Mtu ambaye hana unga wa kesho anaambiwa akaribishe mamia! Sridhar alizunguka akialika, kwa hofu na kwa utii. Siku ya karamu kibanda chake kidogo kiliwatosha wageni wote, na chakula hakikuisha. Kati ya wageni alikuwepo Bhairon, mwanafunzi wa mtawa mashuhuri Gorakhnath. Bhairon alikataa alichopewa, akadai nyama na pombe. Msichana akamwambia kwamba hii ni karamu ya nyumba ya Brahmini, vitu hivyo havipatikani. Bhairon akanyoosha mkono kumkamata. Msichana, ambaye ndiye Vaishnavi, akatoweka, akakimbilia milimani, na Bhairon akamfuata.

Njia ya hija ni njia ya mbio hizo. Mahali alipopiga mshale ardhini maji yakabubujika ili kumnywesha mlinzi wake mwenye umbo la nyani, ndipo panapoitwa Ban Ganga. Mahali aliposimama na kugeuka nyuma kutazama kama bado anafuatwa, akaacha alama za nyayo mwambani, ni Charan Paduka. Pango alimojificha miezi tisa, kama mtoto tumboni, ni Ardhkuwari. Na pango la juu ndipo alipochoka kukimbia.

Nimesoma habari za hija nyingi, na hii hunigusa kuliko nyingine kwa jambo hili moja. Hujaji hapandi nyuma ya jeshi lililoshinda wala nyuma ya mfalme. Anapanda akifuata nyayo za msichana aliyekuwa akifukuzwa na mwanamume aliyekataa kusikia neno hapana. Wanawake wanaopanda, na ni wengi, hawahitaji mtu wa kuwafafanulia maana ya kugeuka nyuma kutazama.

Siku hizi safari huanzia kwenye karatasi na kompyuta. Tangu mwaka 2014 treni inafika Katra penyewe, na mtu anaweza kulala ndani ya behewa Delhi akaamkia chini ya mlima. Kabla ya kukanyaga njia lazima ajiandikishe na kupewa kadi ya kuvaa shingoni, ambayo husomwa na mashine kwenye vizuizi ili ijulikane nani yuko mlimani. Nje ya ofisi, maduka yamejipanga: fimbo za mianzi, tepe nyekundu za kufunga kwenye paji la uso zenye maandishi ya dhahabu, shela nyekundu za kumtolea Mama, nazi, soksi, makoti ya mvua. Katra hakuuzwi nyama wala pombe. Bhairon alinyimwa vitu hivyo kwenye karamu ya Sridhar, na mji mzima bado unamnyima.

Wengi huanza kupanda jioni. Jua limepoa, na ukiwa mjini unaziona taa za njia zikikwea mlima mkunjo baada ya mkunjo mpaka zipotee gizani. Njia haifungwi usiku. Imewekwa lami na vigae, sehemu kubwa imeezekwa mabati dhidi ya mvua na mawe yanayoporomoka, na kila baada ya mwendo mfupi kuna bomba la maji, choo, na kibanda cha chai. Watu wakikutana husalimiana kwa maneno matatu, Jai Mata Di, yaani ushindi kwa Mama. Mmoja wa kundi hupaza sauti, wengine huitikia. Mzee anayehema ameegemea ukuta atasalimiwa hivyo na mtu asiyemjua, naye atajibu kwa sauti kubwa kuliko unavyotarajia kutoka kwenye kifua kile, kisha atajisukuma na kuendelea.

Njiani kuna farasi wadogo pia, na hapo lazima uwe macho. Kengele inalia, mchungaji anapiga kelele, na usipojibana ukutani unasukumwa na kiuno cha mnyama aliyembeba mtu mzima. Kinyesi kinafagiwa usiku na mchana na watu wenye mafagio marefu, ila harufu yake haiondoki, inachanganyika na ubani, maandazi yanayokaangwa na jasho. Tangu mwaka 2018 ipo njia nyingine, ya Tarakote, isiyoruhusu farasi, yenye mteremko wa taratibu zaidi. Wengi bado wanapenda ile ya zamani, kwa kuwa ndiyo inayopita kwenye nyayo.

Nataka nikae kidogo na wapagazi.

Mtu asiyeweza kutembea huketi kwenye machela, kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, na wanaume wanne humwinua mabegani. Mtoto mdogo hubebwa na mpagazi mmoja. Mtazame kwa karibu: mwanamume mwembamba mwenye viatu vya mpira, mtoto wa miaka mitatu amemkalisha mabegani, mkono mmoja umeshika vifundo viwili vya miguu midogo, mkono mwingine umebeba mkoba wa mama yake mtoto. Mtoto amesinzia, shavu limelala juu ya kilemba cha yule mwanamume. Kila mpagazi anayapunguza makali ya mlima kwa kupanda kwa mshazari, kutoka ukingo huu wa njia hadi ule. Hatua zake ni fupi, na hazibadiliki hata wazazi wanapobaki nyuma wakimwita apunguze mwendo.

Sehemu kubwa ya wapagazi na wachunga farasi ni Waislamu kutoka vijiji vya milima ya jirani, wengi wao wa jamii ya Gujjar. Wanayajua maji ya njia, wanajua wapi utelezi hukaa muda mrefu baada ya mvua, wanajua kumtuliza abiria anayeogopa korongo. Na wakitaka wapishwe, nao hupaza sauti, Jai Mata Di, na umati hufunguka. Jammu na Kashmir ni eneo lililomwagika damu nyingi kwa sababu ya dini na mipaka. Tarehe 9 Juni 2024, katika wilaya hiyohiyo ya Reasi, watu wenye silaha walishambulia basi la mahujaji lililokuwa likielekea Katra, na watu 9 wakafa. Baada ya hapo, kama kabla ya hapo, vikongwe wa Kihindu waliendelea kufikishwa kwa Mama yao juu ya mabega ya Waislamu. Wanaoandika habari za eneo lile kama vita tu wangepaswa kuiona njia hii angalau usiku mmoja.

Mwaka 2024 wapagazi hao waligoma. Uongozi wa hekalu ulikuwa umetangaza mpango wa kujenga njia ya magari ya kebo kutoka Tarakote hadi Sanjichhat, karibu na pango, ili wazee na wagonjwa wafike kwa dakika chache badala ya kuhangaika kwa saa nyingi. Mnamo Novemba wapagazi, wachunga farasi na wenye maduka waliandamana, na Desemba Katra ilifunga maduka kwa siku kadhaa. Msomaji wa Tanzania atakumbuka mabishano ya mwaka 2019, serikali iliposema inafikiria magari ya kebo Kilimanjaro, na jinsi wagumu, yaani wapagazi, wa Marangu na Machame walivyopokea habari hizo. Hoja zilikuwa zilezile. Katra kulikuwa na hoja ya ziada: gari la kebo likipita juu, hujaji atapita bila kugusa Ban Ganga, bila kuziona nyayo, bila kuingia Ardhkuwari. Mimi nawaunga mkono wapagazi kwa sababu zote mbili. Mkate wao unatosha kuwa hoja, na njia hii ikikatwa vipande hadithi yenyewe inabaki bila miguu.

Ardhkuwari ni nusu ya safari. Hapa wengine hupumzika na kula wali na maharage mekundu kwenye mkahawa wa hekalu, na wenye subira hupanga foleni ya kuingia katika pango la miezi tisa. Ni tundu jembamba la mwamba, lenye urefu wa mita chache tu. Mtu huingia kwa kutambaa, viwiko vikisukuma, mabega yakikwaruza jiwe lililolainishwa na migongo ya vizazi. Mbele yako zipo nyayo za asiyekujua, nyuma yako pumzi ya asiyekujua. Wanene huogopa, na wanasimulia kwamba pango humpitisha kila aliyeingia kwa moyo safi, awe na kiuno gani. Ukitokeza upande wa pili, watu wanakupokea wakicheka na kukufuta vumbi. Waumini huamini aliyepita humo amezaliwa upya, na ukiziona nyuso zao huna haja ya kubishana nao.

Baada ya hapo mlima unabadilika. Misonobari inaongezeka, baridi inazidi, mazungumzo yanapungua. Wenye haraka au wenye maumivu hupanda magari madogo ya betri yanayopita njia ya Himkoti. Wengine wanatembea. Nyani wanakaa kwenye kuta wakiangalia mikono ya watu. Taa za Katra zimebaki chini kabisa, na kila kona unadhani ndiyo ya mwisho.

Mpaka miaka ya 1980 safari ilikuwa ya namna nyingine. Njia ilikuwa nyembamba, taa zilikuwa chache, vyoo haba, na sadaka ziligawanwa kwa zamu na familia za wenyeji zilizodai haki hiyo kwa urithi, zikiitwa Baridar. Mwaka 1986, wakati Jagmohan akiwa gavana, sheria ilipitishwa na hekalu likakabidhiwa kwa bodi. Familia hizo zilipinga kwa miaka mingi, na haki yao haikuwa jambo dogo, kwani watu hao ndio waliolihudumia pango wakati ambapo halikuwa na umaarufu wala fedha. Lakini njia pana, maji safi, hospitali, na hata chuo kikuu kilichojengwa karibu na Katra, vyote ni matunda ya mabadiliko yale. Mwaka huo wa 1986 walipanda watu wasiofika milioni moja na nusu. Mwaka 2012 walizidi milioni 10.

Umati wa namna hiyo ni hatari hata ukiwa na imani. Alfajiri ya tarehe 1 Januari 2022, watu walipokuwa wamefurika kuuanza mwaka mbele ya Mama, msongamano uliua watu 12 karibu na lango mojawapo la hekalu. Tarehe 26 Agosti 2025, mvua kubwa ilimomonyoa mlima karibu na Ardhkuwari, ukaporomokea njiani na kuua zaidi ya watu 30, na safari zikasimamishwa kwa wiki kadhaa. Wapo wanaosema waliokufa njiani kwa Mama wamepata heri. Maneno hayo yana faraja kwa wafiwa, nami siwanyang'anyi. Ila mlima uliokatwakatwa ili upitishe njia, majengo na mabati huwa dhaifu, na wanaousimamia wanapaswa kuusikiliza unapotoa sauti wakati wa masika yake.

Kwenye hekalu, mahali panapoitwa Bhawan, kwanza unaachana na vitu. Simu, mkanda wa ngozi, pochi ya ngozi, kalamu, saa, sigara kama unazo, vyote vinabaki kabatini. Nazi haziingii pangoni, zinaachwa kwenye kaunta. Wengi huoga kwa maji ya mlima, na hata mwezi wa Machi maji hayo hukata pumzi. Kisha foleni. Alfajiri na jioni kuna ibada ya taa, na kwa muda wa saa mbili hivi hakuna anayeingia. Watu huketi chini na kusikiliza kuhani kupitia vipaza sauti, wake kwa waume, tajiri amekunja miguu kando ya mchuuzi wa mboga.

Pango la asili lina urefu wa mita 30 hivi, ni jembamba, na maji hupita chini ya miguu. Haliwezi kupitisha umati wa leo, kwa hiyo yalichimbwa mahandaki mengine ya kuingilia na kutokea. La asili hufunguliwa siku za baridi kali, watu wakiwa wachache, na wanaobahatika kulipita hulitaja maisha yao yote. Wengine hupita handaki la marumaru, bega kwa bega, wakiimba kwa sauti ya chini kadiri wanavyosogea. Mikono inaanza kutetemeka. Mwanamke anarekebisha shela nyekundu aliyoibeba tangu Katra. Baba anamwinua mtoto juu ili aone.

Halafu umefika. Nyuma kuna sanamu za madini zilizopambwa, na macho ya mgeni hukimbilia huko. Kuhani anaonyesha kwa kidole chini, kwenye jiwe: tazama hapa. Ni mwamba mmoja wenye vichwa vitatu vilivyotokeza vyenyewe, havikuchongwa na mkono wa mtu. Mahakali upande wa kulia, Mahalakshmi katikati, Mahasaraswati upande wa kushoto: nguvu ya kuharibu uovu, nguvu ya kulea na kuneemesha, nguvu ya elimu. Hakuna uso, hakuna macho. Kuhani anakupaka rangi nyekundu kwenye paji la uso, askari anakusogeza kwa upole au kwa haraka, na tayari uko nje mkononi ukiwa na punje za sukari ya mawe.

Karibu kila aliyepita hapo husema jambo lilelile: alisahau alichokuja kuomba. Alikuwa amekikariri njia nzima, jina la mtoto mgonjwa, deni, kesi mahakamani, na mbele ya jiwe maneno yote yalimtoka. Wengine hulia nje kwa kusahau huko, mpaka mzee fulani wa kundi awaambie kwamba Mama alishajua, ndiyo maana aliwaita. Wanaohesabu saa za kupanda dhidi ya sekunde za kuona hudhani mahujaji wamepunjwa. Naona wamehesabu vibaya. Jiwe lile lisingemfanya mtu alie kama angeteremshwa mbele yake kutoka kwenye gari. Ni magoti, baridi, pango la miezi tisa na sauti za wasiomjua waliomwambia endelea, ndivyo vilivyomfikisha pale akiwa hana tena cha kujificha nyuma yake.

Na bado hajamaliza. Mlangoni mwa pango la asili kuna jiwe kubwa linalosemwa kuwa ni mwili wa Bhairon. Hapo ndipo msichana alipogeuka kwa mara ya mwisho, akachukua umbo la Kali, mungu wa kike mharibu wa uovu, akamkata kichwa. Kichwa kiliruka hadi kwenye kilele kilicho juu zaidi ya pango. Akiwa anakufa, Bhairon aliomba msamaha. Mama akamsamehe, tena akamwongezea heshima: hakuna atakayehesabiwa kuwa amekamilisha hija mpaka awe amepanda kukutembelea wewe pia.

Kwa hiyo hujaji, ambaye miguu yake tayari imegoma, anatazama juu na kuona bado kuna mlima, na juu ya mlima huo anayemsubiri ni yule mkosaji. Sehemu hii ndiyo kali kuliko zote. Watu hupanda kimya, wengine kwa mikono na miguu. Nimekuwa nikiiwaza sana amri hii. Ingekuwa rahisi kuisikia kama agizo la kuwataka wanawake wasamehe upesi na yaishe. Lakini angalia mpangilio wa mambo. Mama hakumsamehe Bhairon alipokuwa akimfukuza. Hakumsamehe Ban Ganga, wala Charan Paduka, wala ndani ya lile tundu la giza. Alimkata kichwa kwanza. Msamaha ulitoka kwa aliyekwisha kuwa salama na mwenye nguvu, kwa mtu aliyekiri, na ulikuja bila kumrudishia nguvu. Na aliyepewa kilele alibaki huko kama kichwa kisicho na mikono ya kumkamata mtu yeyote.

Zamani wazee wengi hawakukifikia kilele hicho. Waliishia Bhawan, wakarudi nyumbani wakiwa na deni moyoni, wakiwaagiza watoto wao walilipe siku wakipanda. Desemba 2018 yalianza magari ya kebo kati ya Bhawan na kilele cha Bhairon, safari ya dakika chache juu ya misitu. Nimesema nawaunga mkono wapagazi dhidi ya kebo ya chini, na sibadili neno. Hii ya juu ni jambo jingine. Hairuki hadithi, inaimalizia. Bibi wa miaka 80 aliyefikishwa Bhawan kwa machela sasa anaingia kwenye kibanda cha kioo pamoja na wajukuu, anashuka juu, anamwachia Bhairon nazi yake, na kuteremka akiwa hadaiwi tena na Mama wala na Bhairon.